Kobe wa Maji na Swali la Mwanafunzi Wetu

Tumesomesha watoto kwa miaka mingi hapa Ziba, katika wilaya ya Igunga, na katika miaka hiyo yote tumezoea kuuliza maswali kuliko kuulizwa. Lakini masika ya mwaka juzi mtoto mmoja wa chuo chetu alituuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake. Twakiandika kisa hiki kwa kukiri kosa letu wala si kwa kujisifu, huenda wazazi na vijana wakapata faida ndani yake.

Wanaoijua nchi yetu wanajua jinsi inavyogeuka mvua zikinyesha. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji, majaruba ya mpunga hujaa, na kila shimo huwa dimbwi. Usiku kucha vyura hulia. Wakati huo ndipo aonekanapo kobe wa maji. Kiangazi watu hawamwoni, kwani madimbwi yakianza kukauka yeye hujichimbia matopeni, akalala humo mpaka maji yarudi. Gamba lake ni bapa, lina rangi ya matope. Miguu yake ina kucha, na baina ya vidole mna ngozi imsaidiayo kuogelea. Akiogopa harudishi kichwa ndani moja kwa moja kama afanyavyo kobe wa nchi kavu, bali huikunja shingo kando, chini ya ukingo wa gamba. Tena akishikwa hutoa harufu mbaya, ili adui amwachie.

Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka 9, yatima aliyelelewa na bibi yake. Siku moja aliokota jarubani kobe mdogo asiyezidi upana wa vidole vitatu, akamleta chuoni amemficha ndani ya kofia. Alipoona kiumbe yule amezoea maji, akamtia katika mtungi wetu wa maji ya kutawadhia. Adhuhuri tukainama kuteka maji, tukaona kitu kinatembea chini ya mtungi.

Tulighadhibika sana. Maji yale yalikuwa machache, na katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata na kuyafundisha, kinyesi cha mnyama kikiingia katika maji machache huyanajisi. Tulimwaga mtungi wote, na siku ile maji yalikuwa ya kununua. Kisha tukamkaripia mtoto mbele ya wenzake mpaka akalia. Hukumu tuliyoisema ilikuwa sahihi, lakini namna ya kuisema haikuwa ya mlezi.

Baada ya sala akatujia kwa adabu, akasema, "Maalim, basi nimweke wapi, na nimpe nini?"

Hapo tulijiona wajuzi. Zamani kidogo tulijaaliwa kufika Unguja, na siku moja tukavuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Changuu, wanakokaa wale kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Tuliona kwa macho yetu wageni wakiwapa majani kwa mikono, nao wakitafuna kwa raha. Basi tukamjibu mtoto bila ya kufikiri: "Kobe hula mboga. Mpe mchicha. Mweke ndani ya ndoo kavu, umtilie maji kidogo ya kunywa katika kisahani."

Akaitika, "Naam, Maalim." Akaenda akafanya kila neno tulilomwambia. Na hilo ndilo lituumalo mpaka leo. Lau angalituasi na kumrudisha jarubani, kobe yule angalipona. Utiifu wa mtoto na ujinga wa mwalimu ndivyo vilivyomwua.

Siku ya kumi mtoto akaja chuoni mikono mitupu. Alikuwa amemzika nyuma ya nyumba ya bibi yake. Mchicha haukuguswa hata jani moja. Basi juma lile tulikuwa tumewasomesha watoto habari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka paka akafa. Mtoto akasimama mbele yetu, akasema:

"Maalim, yule mwanamke hakumpa paka chakula. Mimi nilimpa kobe chakula, lakini hakikuwa chakula chake. Je, nami nitaulizwa?"

Tulinyamaza. Kisha tukasema, "Kaa kitako, tutazungumza kesho." Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Ndugu zetu, usiku wa siku hiyo ya pili tuliifikiri ile hadithi upya, ingawa tumeisomesha mara nyingi. Mtume wetu (s.a.w.) alitaja milango miwili iliyokuwa wazi kwa yule mwanamke. Wa kwanza ni kumlisha mnyama, wa pili ni kumwacha huru ajitafutie riziki yake. Mwenye kufunga kiumbe hana mlango wa tatu. Sisi tuliifunga yote miwili. Tulimtoa kobe mahali alipokuwa akipata chakula, tukamwekea kitu kisicholiwa naye. Kumwekea kiumbe kitu asichoweza kukila ni sawa na kutompa kitu.

Tena paka hulia mlangoni akiona njaa, mbuzi hulia, na kuku humzunguka mwenyewe miguuni. Kobe hana sauti. Hufa kimya ndani ya ndoo, na mfugaji hudhani kwamba amelala. Kwa hiyo anayemfunga mnyama asiye na sauti hawezi kungoja aombwe. Ni juu yake yeye kuuliza.

Ama swali la mtoto, jawabu lake lilikuwa jepesi kwake na zito kwetu. Twajua kwamba mtoto ambaye hajabaleghe kalamu haimwandikii dhambi. Lakini sisi tulikwisha baleghe zamani.

Asubuhi tukaenda kwa bibi yake. Tukapiga hodi, akatukaribisha, akatutolea kigoda. Akasema kwamba mjukuu wake hataki kula, na kwamba yeye alidhani ni homa. Tukamwita mtoto, tukamwambia mbele ya bibi yake: "Mwanangu, kosa ni letu. Wewe ulituuliza kama ipasavyo, nasi tukakujibu tusilolijua. Wewe huna dhambi. Sisi tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na wewe pia twakuomba radhi."

Bibi akastaajabu, akasema, "Lo, Maalim! Mtu mzima amwombe radhi mtoto?" Tukamjibu, "Bibi, mtoto huyu ametukumbusha dini yetu."

Mtoto akainua kichwa, akauliza, "Basi chakula chake kilikuwa nini?" Tukasema, "Hatujui. Vaa kofia yako, twende tukaulize."

Tulikwenda kwanza kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga. Tukamwamkia, tukamweleza habari zetu. Alicheka sana, akasema, "Maalim, huyo hali mchicha. Huyo ni mwindaji." Akatupeleka kwenye jaruba lake, akatwambia tuketi wala tusiseme. Tulikaa muda mrefu juani. Kisha tukaona kichwa kidogo kikitokeza, kikazama tena, na kobe mdogo akamdaka kiluwiluwi, akammeza mle mle ndani ya maji. Mtoto akatushika mkono kwa furaha. Na sisi, twakiri, tulikuwa hatujapata kuitazama jambo hilo hata mara moja katika umri wetu wote.

Tulipotoka pale tuliona haya. Nchi yetu hii ya Unyamwezi ilikuwa njia kuu ya misafara, na pamoja na misafara ndipo Uislamu nao ulipofika Tabora na Ujiji. Katika wapitaji hao alikuwamo Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857. Mwaka 1863 mtaalamu wa London, John Edward Gray, aliandika sifa za kobe mmoja wa nchi kavu ambaye gamba lake lina bawaba upande wa nyuma, akampa jina la Speke. Kobe huyo ni wa nchi zetu hizi. Mgeni mpitaji aliinama akatazama, nasi tuliozaliwa hapa tulimruka kobe njiani tukaenda zetu. Na katika Sura ya Anaam Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba wanyama watembeao juu ya ardhi na ndege warukao ni umma mfano wetu. Umma wa jirani yako ukikaa nao miaka hamsini bila kujua chakula chake, huo ni ujirani gani?

Basi masika yaliyofuata Mungu alitupa nafasi ya kulipa. Binti mmoja wa chuoni alituletea kobe wa maji aliyekuwa amewekwa nyumbani kwao miezi mingi katika beseni dogo, akilishwa ugali na vipande vya nyama. Gamba lake lilikuwa laini, likibonyea kwa kidole, na jicho moja lilikuwa limevimba. Safari hii hatukujibu lolote kwa kichwa chetu. Tulikwenda kwa bwana mifugo pamoja na yule mtoto wetu, na kijana wetu asomaye Tabora mjini akatutafutia vitabu akatusomea. Tuliyojifunza twayaeleza hapa, ili kama kobe mdogo yumo nyumbani mwako leo, usifanye kama tulivyofanya.

La kwanza, mjue ni kobe gani. Kobe wa nchi kavu ana gamba la kuinuka kama kuba na miguu minene kama ya tembo. Huyo hula majani, nyasi na maua, na ukimtia katika maji ya kina hufa. Kobe wa maji ana gamba bapa na ngozi baina ya vidole, na ukimweka pakavu hawezi hata kula, kwa sababu humeza chakula chake majini. Kosa letu lote lilitoka hapa, kwamba tuliona jina moja tukadhani ni mnyama mmoja.

La pili, maji na pakavu vyote viwili ni haki yake. Tulichukua beseni kubwa, tukatia maji yenye kina kupita upana wa gamba lake, ili akipinduka aweze kujigeuza. Upande mmoja tukapanga mawe mpaka yakatokeza juu ya maji, apande ajianike. Maji yakichafuka hubadilishwa, wala hayangojwi mpaka yanuke. Tukawa tunamlisha katika chombo kingine, kisha tunamrudisha, na kwa njia hiyo maji ya beseni yalidumu safi zaidi.

La tatu, chakula. Mdogo hulishwa kila siku, na kiasi chake ni kama ukubwa wa kichwa chake mwenyewe, wala usizidishe kwa kumwonea huruma. Tulimpa nyungunyungu, panzi, konokono wadogo, na dagaa wa Mwanza walioroweshwa wasio na chumvi. Dagaa ni wazuri kwa kuwa huliwa na mifupa yao, na mifupa ndiyo ijengayo gamba. Nyama tupu isiyo na mfupa humlainisha gamba, kama ilivyompata yule. Tulisaga na maganda ya mayai tukayanyunyiza juu ya chakula. Mara moja kwa juma tulimpa kijipande kidogo cha ini, kwa ajili ya lile jicho, na majani laini ya majini tulimwachia achague mwenyewe. Ugali, wali, mkate na maziwa si vyakula vyake, hata akivipokea.

La nne, jua. Kobe hapati nguvu ya kujenga gamba bila ya jua lenyewe kumwangukia mgongoni, wala jua lipitalo katika kioo halitoshi. Lakini tahadharini sana. Beseni dogo likiachwa juani saa sita mchana, maji yake huwa moto upesi, na kobe hufa humo kama aliyetiwa sufuriani. Sisi tulimtoa asubuhi, na nusu ya beseni tukaifunika ili apate kivuli akitakacho.

La tano ni la kuwalinda watoto wenyewe. Kobe aweza kuonekana mzima, naye amebeba vijidudu viitwavyo salmonela, viletavyo kuhara na homa. Huko Marekani, mwaka 1975, serikali ilikataza kuuza kobe wadogo ambao gamba lao halijafika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwashika na kuwatia vinywani, wakaugua. Kila amshikaye na anawe mikono kwa sabuni. Watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike. Beseni lake lisioshwe jikoni wala pamoja na vyombo vya kulia, na maji yake yamwagwe mbali na kisima. Na mtungi wa udhu, kama alivyojua mwanafunzi wetu kwa machozi, si mahali pake.

Tulimtunza hivyo kiasi cha miezi miwili. Jicho lilifunguka kwanza, kisha polepole gamba likaanza kuwa gumu. Yule mtoto wetu alikuja kila asubuhi kabla ya somo na nyungunyungu wake ndani ya jani, na darsa yake ya Kurani ikapata nguvu katika miezi hiyo kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Wengi watauliza, "Maalim, je, ni halali kumfuga?" Kuweka mnyama mdogo wa kumfurahisha mtoto si jambo geni katika dini yetu. Mtume wetu (s.a.w.) alimwona Abu Umayri, mtoto mdogo, akiwa na ndege wake wa kuchezea, wala hakumkataza, na yule ndege alipokufa alimwuliza habari zake kwa upole. Lakini Mtume huyo huyo, Masahaba walipochukua makinda ya ndege na mama yao akawa akipapatika juu yao, aliamuru makinda yarudishwe kwa mama yao. Hadithi hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inatufundisha huruma kwa mtoto, na ya pili huruma kwa mnyama. Mzazi mwenye busara hushika zote mbili.

Tena iko sheria ya nchi. Ofisa wa wanyamapori tuliyemwendea alitueleza kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata mnyama wa pori na kumweka kwake bila ya kibali. Mwanzoni tulidhani ni ukali usio na maana kwa kobe wa vidole vitatu, kisha tukafahamu. Nchi yetu ina kobe mwingine akaaye katika nyufa za majabali, mwenye gamba jembamba linalobonyea. Wafanyabiashara waliwakamata kobe hao kwa wingi wakawapeleka ng'ambo wakauzwe kwa wafugaji, hata mwaka 2019 mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya kobe hao waliotoka porini. Kila mmoja aliyewachukua alijiambia kwamba anachukua mmoja tu.

Basi kwa shauri la ofisa huyo tulimrudisha kobe wetu majini kabla mvua hazijakatika, apate wakati wa kula na kunenepa kabla ya kujichimbia. Tulikwenda watatu, sisi, yule binti, na yule mtoto yatima, mpaka kwenye dimbwi lile lile alikookotwa. Binti alimweka ukingoni. Kobe akatulia kidogo, akanyoosha shingo, kisha akaingia majini wala hakugeuka nyuma.

Mtoto akakaa akiyatazama maji. Kisha akasema, "Maalim, huyu hatatushtaki." Tukasema, "Inshallah." Hatukuongeza neno, maana yule wa kwanza tulikuwa tukimkumbuka sote.

Enyi wazazi, watoto wenu wataleta nyumbani kobe, ndege, sungura na paka. Msiwapige wala msiwafukuze, kwani huruma ya mtoto huanzia hapo. Lakini msiwaache peke yao na roho ya kiumbe mikononi mwao. Kaeni nao, mwulize pamoja nao mnyama huyu anakula nini, analala wapi na anataka nini. Msipopata anayejua, rudisheni mnyama alikotoka siku ile ile. Na enyi walimu wenzetu, wanazuoni husema kwamba neno "sijui" ni nusu ya elimu. Sisi tulilikosa neno hilo siku moja tu, na roho ikapotea.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowakosea viumbe vyake kwa kujua na kwa kutojua, na awajaalie watoto wetu kuwa na huruma kutupita sisi. Amin.